Samaki wa Blessing

Hapa Kihesa ukiulizia nyumba ya Paskalina, watu watakutazama tu. Uliza kwa Mama Utepe, hata mtoto wa chekechea atakufikisha mlangoni. Jina hilo nililipata kwa ule utepe wa kupimia mkono wa mtoto, wenye kijani, njano na nyekundu, ambao kwa miaka saba haukutoka kwenye mfuko wa gauni langu. Mimi nilikuwa mhudumu wa afya wa mtaa. Kazi yangu ilikuwa kuingia nyumba za watu, kupima watoto wao na kuwaambia mama zao walipokosea. Hilo la mwisho nilikuwa nalipenda kuliko mshahara, na mshahara wenyewe haukuwepo.

Niliingia mpaka jikoni. Nilifunua sufuria la mtu bila hodi, nikanusa, nikauliza, "Hii ndiyo mboga? Maharage yako wapi? Mtoto anakula nini hapa, mvuke?" Wakinamama walicheka, na wengine walinichukia, sawa tu. Nilijiona nasema kweli, na mtu akishajiona anasema kweli hana tena haja ya adabu.

Kulikuwa na binti mmoja wa Kinyakyusa, Mama Lusekelo, aliyepanga chumba kimoja nyuma ya kanisa. Mwanawe alikuwa mwembamba, utepe ulisoma njano, bado hajafika nyekundu ya hatari lakini anaelekea. Basi nilimsema mbele ya wapangaji wenzake wote, pale uwanjani anapofulia. "Wewe mama, Iringa hii mahindi yamejaa, maharage yamejaa, parachichi zinaoza chini ya miti, halafu mtoto anakuwa kama kijiti cha kiberiti? Huoni aibu?" Alilia. Alibaki kukamua nguo zake tu. Niliondoka nikijiona nimefanya kazi.

Mambo niliyowafundisha yalikuwa mengi, lakini mawili nilikuwa nayarudia kila mkutano. La kwanza, kidole gumba. Mtoto akiwa na mashavu ya maandazi usishangilie. Bonyeza juu ya miguu yake yote miwili, hesabu taratibu mpaka tatu, uachie. Kidole kikiacha shimo, hayo si mafuta, ni maji. Ni utapiamlo, ile kwashakoo waliyokuwa wanaiogopa bibi zetu. Usiulize jirani, kimbia hospitali.

La pili, kubemenda. Wazee wetu wanaamini kwamba mzazi wa mtoto mchanga akitembea nje ya ndoa halafu akamshika mwanawe, mtoto anabemendwa. Anavimba, nywele zinageuka rangi, ananyong'onyea. Dawa yake ni mama kuogeshwa majani na kumtaja mwanaume. Kwa miaka saba nimesimama mbele ya watu nikisema, "Hakuna mtoto aliyebemendwa. Kuna mtoto aliyekosa chakula. Mwacheni mama wa watu." Nilisema kwa sauti kubwa, na nikapigiwa makofi.

Nayaeleza haya mapema ili mjue kwamba yaliyofuata sikuyafanya kwa ujinga. Mjinga angesamehewa.

Mwanangu Clement ni dereva wa malori, yuko safarini Tunduma na kwingineko, akirudi nyumbani ni kama mgeni wa harusi. Mkewe, Eveline, ni Mbena wa Makambako, msichana wa maneno machache na mikono isiyotulia. Mwaka jana yeye na wenzake watatu walikodi shamba la mpunga Rujewa. Ilipofika Januari, wakati wa kupandikiza, alitaka kwenda na mtoto wake, Blessing, aliyekuwa na mwaka mmoja na mwezi.

Mimi nilikataa. "Mjukuu wa mhudumu wa afya akalale kwenye kambi ya mbu? Mwachishe ziwa, umwache kwangu. Hapa atalelewa kitaalamu."

"Mama, bado mdogo huyu," Eveline alisema. "Nilitaka nimfikishe miaka miwili. Si ndo unavyotufundishaga?"

"Mwenye kufundisha ni mimi au wewe?"

Alimwachisha. Alipaka shubiri kwenye matiti yake huku machozi yanamtoka, siku ya tatu akapanda basi. Mtoto wa mwaka mmoja alinyimwa maziwa ya mama yake kwa sababu bibi yake alitaka kuonekana.

Eveline hakuwa mtu wa kutupa mwana. Kila mwezi alituma mzigo kwa basi. Mchele kidogo, na kiroba kidogo cha samaki wakavu, perege waliokaushwa vizuri mpaka hawana hata harufu. Juu ya kiroba aliandika kwa kalamu nene, ZA BLESSING. Alinipigia simu akanieleza namna ya kuwatwanga wawe unga, miiba yote iishe, nimtilie mtoto kwenye uji. Kana kwamba sijui! Mimi ndiye niliyemfundisha.

Sasa niseme samaki hao walikwenda wapi.

Kila mwezi mtaa wetu ulikuwa na siku ya lishe. Tunapima watoto, halafu tunapika uji wa mfano, na wakinamama wanaonja. Kila mtu aje na alichonacho. Wenzangu waliletaga karanga kiganja kimoja, au fungu la mchicha lililolala. Mimi nilitaka sufuria langu liwe la kusimuliwa. Nilikuwa na kuku wanane wanaotaga. Mayai yao nilikuwa nayahifadhi kwenye trei juu ya kabati mpaka siku hiyo. Maziwa nilinunua siku hiyo. Samaki wa Blessing niliwatwanga siku hiyo. Afisa lishe aliyetusimamia, kijana mmoja mpole aitwaye Adrian, alikuja na wageni wake kutoka ofisini, na wageni walipofika niliwapikia pia samaki wa kuungwa na wali wa Rujewa. Walisema, "Mama Utepe, kwako tunakula lishe kweli." Sifa hizo nilikuwa nashiba nazo wiki mbili.

Siku nyingine zote jikoni kwangu tulikula sembe nyeupe. Mimi niliyehubiri dona nilikuwa nakoboa, maana dona nililiona chakula cha bweni. Blessing alikunywa uji wa sembe na sukari asubuhi, ugali na mchuzi wa mboga za majani mchana, jioni uji tena. Mimi mwenyewe nilikunywa chai ya rangi na kiporo. Pembe za midomo yangu zilikuwa zimechanika miezi mingi, nikifungua mdomo kucheka zinauma. Nilipaka mafuta ya mgando nikisema ni baridi ya Iringa.

Mtasema nilikuwa mchoyo. Afadhali ningekuwa mchoyo. Mtoto nilikuwa nampenda. Mwanzoni nilijaribu kumpa samaki, akatema, akalia. Uji wa sukari aliupokea, akanyamaza. Nikaona njia rahisi. Kadiri miezi ilivyokwenda alizidi kunyamaza. Hakutambaa kufuata kuku tena, hakuvuta kanga yangu. Ukimweka mkekani asubuhi, saa sita unamkuta palepale, ametulia, anatazama. Majirani walisema, "Mtoto wako mpole huyu, hana usumbufu." Nikasema ndiyo, amelelewa. Mashavu yalikuwa yamejaa, na kwenye kadi yake uzito ulikuwa unapanda vizuri. Nywele zilipoanza kuwa nyepesi na kugeuka rangi ya majani makavu ya mahindi, nilizinyoa.

Siku ya lishe ya mwezi wa tano ilifanyika kwenye uwanja wa ofisi ya mtaa. Sufuria langu lilikuwa linachemka, dona, unga wa samaki, yai, maziwa, mchicha uliokatwa mdogo mdogo. Blessing alikuwa pajani kwangu, amevaa gauni la njano. Nilimpa kijiko cha uji ule mzuri, akageuza uso. Nikacheka. "Kashiba huyu, jamani! Kwao chakula hakikosekani!"

Adrian alimpiga picha. Aliwaambia wakinamama, "Mnaona mtoto wa mfano? Mshikeni, mumwone." Blessing akaanza kupitishwa mkono kwa mkono, na mimi nikawa namsindikiza kwa macho nikitabasamu kwa kujibana, kwa sababu ya vile vidonda.

Alipofika kwa Mama Lusekelo, safari ikasimama. Yule binti alikuwa amempakata, amemshika mguu. Niliona midomo yake inahesabu. Moja. Mbili. Tatu. Akaachia. Akatazama. Kisha akabonyeza mguu wa pili.

Hakupiga kelele. Alinyanyuka akaja mpaka nilipo, akainama sikioni kwangu. "Mama, samahani. Mguu umebaki na shimo."

"Soksi hiyo imembana," nilisema.

"Hajavaa soksi, mama."

Nilimnyang'anya mtoto. Nikasema kwa sauti, ili wengine wasikie, "Wengine hawajui mtoto mnene anafananaje, hawajawahi kuzaa mmoja!" Watu wakacheka. Mama Lusekelo akarudi kukaa kwenye benchi, akamfunga Lusekelo wake kanga mgongoni, akatazama chini kama siku ile ya kufua.

Nyumbani nilimlaza Blessing kitandani, nikafunga mlango mchana kweupe. Nilibonyeza mguu wa kulia. Nilihesabu mpaka tatu, nikaongeza mpaka tano, kama vile kuhesabu zaidi kungenisaidia. Shimo lilibaki, la ukubwa wa kidole changu. Mguu wa kushoto vilevile. Blessing hakulia wala hakuvuta mguu. Alinitazama tu.

Nilijua. Nataka hilo lieleweke, nilijua kabisa. Kutoka kwangu mpaka hospitali ni mwendo mfupi wa bajaji. Lakini pale mapokezi wananijua, wangeuliza mtoto wa nani, anakula nini, anaishi na nani. Nilifungua kabati nikatafuta soksi, nikamvalisha.

Siku ya tatu alikuja Shangazi Sekalinga, dada wa marehemu mume wangu, mkubwa wa ukoo aliyebaki. Tulisalimiana kamwene yetu ya Kihehe, akaketi, akamwomba mtoto. Alimgeuza, akapapasa kichwa kilichonyolewa, akamvua soksi. Wazee wana macho.

"Mama yake alikuja lini mara ya mwisho?"

"Pasaka. Alilala siku tatu."

"Na huko Rujewa analala na nani?"

Nilianza kumrudishia mtoto soksi.

"Mtoto amebemendwa huyu, mke wa kaka," Shangazi alisema. "Tangu hiyo Pasaka. Sasa mwite huyo binti aje aseme."

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Nilikuwa na ulimi wa kusema hapana. Miaka saba nilikuwa nautumia kwa watu baki. Ningesema tu, "Shangazi, hiki ni chakula, na mpishi ni mimi." Maneno machache hayo. Badala yake nikasikia mdomo wangu wenye vidonda unasema, "Hata mimi nilikuwa nawaza hivyo hivyo, shangazi."

Nilipata nafuu, Mungu anisamehe. Nilipata nafuu kama mtu aliyetua ndoo.

Eveline aliacha mpunga haujavunwa, akaja na basi la asubuhi. Miguu yake ilikuwa bado na tope la jaruba. Alimkimbilia mwanawe, lakini Shangazi akamzuia kwa mkono. "Usimshike. Kwanza taja mwanaume."

"Mwanaume gani, bibi?"

"Huyo aliyemletea mtoto wetu ugonjwa."

Eveline alinigeukia. Sitasahau alivyonitazama, kwa matumaini, kama mtu anayemwona mwanasheria wake anaingia mahakamani. "Mama, si wewe ndo ulisemaga hakuna hicho kitu? Waambie basi."

Nilitazama sakafu. "Mafundisho ni mafundisho," nilisema. "Na mila ni mila."

Alikaa chini. Alikaa muda mrefu huku anamtazama Blessing kwenye mkeka, hatua tatu kutoka kwake, haruhusiwi kumgusa. Kisha akamuuliza Shangazi, "Nikikubali, mtoto anapona?"

"Ukikubali ukaoga dawa, anapona."

"Basi nimekosa," Eveline alisema.

"Na nani?"

"Nimekosa, bibi. Jina sina. Niogesheni."

Alfajiri iliyofuata walimwogesha majani nyuma ya nyumba, ndani ya uzio wa mabati, wanawake wa ukoo wamesimama. Maji yalikuwa ya baridi. Mimi nilishika beseni. Aliogeshwa kwa kosa ambalo hakulitenda, mbele ya mtu aliyelitenda, na mtu huyo ndiye aliyekuwa anamchotea maji.

Tulingoja siku mbili dawa ifanye kazi. Ngozi ya mapaja ya Blessing ilianza kubanduka. Siku ya pili mchana alikataa hata uji wa sukari, unamwagikia kidevuni. Eveline akasema atamtengenezea supu ya wale samaki, labda atalamba. Akaingia jikoni.

Nilimsikia anafungua kabati.

Alitoka na viroba vinne mkononi. Vitatu vilikuwa vitupu, nimevikunja vizuri kwa sababu mimi ni mtu wa usafi. Cha nne kilikuwa kimejaa, kimefungwa kamba, nilikuwa nakitunza kwa ajili ya mwezi wa sita. Vyote vimeandikwa ZA BLESSING. Alivipanga kwenye mkeka, kimoja kimoja, karibu na mtoto.

"Mama. Hawa samaki waliliwa na nani?"

Ningeweza kusema yeyote. Paka. Panya. Lakini nilimwona Blessing amelala pembeni ya jina lake lililoandikwa mara nne, na uongo ukanikauka.

"Wageni," nilisema.

"Na mayai?"

"Wageni."

Hakupandisha sauti. "Na miguu yake, uliibonyeza?"

"Niliibonyeza."

"Lini?"

"Siku ya lishe."

Alihesabu kwa vidole vyake. Zilikuwa siku saba. Nilidhani atanipiga, na ningeshukuru. Alimfunga mtoto mgongoni kwa kanga ileile aliyoogeshwa nayo, akatoka kwenda barabarani kutafuta bajaji. Nilimfuata na ndala moja mguuni, nyingine sijui ilibaki wapi, nikapanda bila kuambiwa panda.

Hospitali nesi alibonyeza miguu, akatazama ngozi, akatazama ndani ya macho. Akaanza kuandika haraka. "Hali yake ni mbaya, mmechelewa," alisema. "Nani anamlea mtoto huyu?"

Eveline alikuwa na haki ya kuninyooshea kidole. Alimtazama mtoto tu. Nadhani alikuwa ameshachoka na mambo ya watu kutajwa.

"Mimi," nilisema. "Bibi yake."

"Bibi, hujawahi kuhudhuria elimu ya lishe?"

Nilikuwa nimevaa gauni langu la kazi. Ncha ya utepe ilikuwa imechungulia mfukoni, ule mwisho wa rangi nyekundu. Nesi aliuona. Alinitazama usoni, akaona na midomo. Akashusha sauti, jambo lililoniumiza kuliko kama angenifokea. "Na wewe mwenyewe, mama, unakula? Hivyo vidonda si baridi."

Walimlaza. Walimpa maziwa ya dawa kwa kikombe, kidogo kidogo, kila baada ya saa chache, maana tumbo la mtoto wa namna hiyo halihimili chakula kingi kwa mara moja. Siku nne za mwanzo maji yalianza kumtoka mwilini, na kilo zikashuka. Kila walipompima alikuwa mwepesi zaidi. Mashavu yale yaliyopigwa picha yaliyeyuka. Chini yake akatokea mtoto mwingine, mbavu zinahesabika, mikono kama ya Lusekelo siku ile, myembamba kuliko ya Lusekelo. Huyo ndiye aliyekuwa Blessing muda wote, na mimi nilimpitisha mkono kwa mkono watu wamsifu. Nilitoa utepe nikampima mwenyewe, nesi alipogeuka. Ulisoma nyekundu.

Sikulala kitandani kwake. Eveline hakunifukuza, lakini hakunipa nafasi, na mimi sikuiomba. Nilikaa kwenye benchi la nje, nikifua nguo zao na kuleta maji ya moto. Clement alipiga simu kutoka njiani. Nilimweleza yote mwenyewe. Akasema, "Mama, mke wangu umemwogesha?" Akakata.

Siku ya saba Blessing alilia. Alilia kwa hasira, kwa sauti, anakitaka kikombe cha mtoto wa kitanda cha jirani. Wodi nzima ilicheka. Eveline alifunika uso kwa kanga, mabega yakamtikisika. Mimi nilisikia kutoka kwenye benchi, nikalia peke yangu kama mwizi.

Mwezi wa sita, siku ya lishe, nilisimama. Blessing alikuwa ametoka hospitali siku mbili kabla. Eveline alikuwa nyuma ya watu wote, mtoto mgongoni, maana nilikuwa nimemwomba aje. Shangazi Sekalinga nilimwendea mwenyewe asubuhi, nikamshika mkono mpaka uwanjani. Sikuwa na sufuria. Nilikuwa nimeshika viroba vitatu vitupu.

Niliyasema yote. Nilivionyesha viroba. Nilisema, "Mlikula chakula cha mtoto huyu kutoka mkononi kwangu mkinisifu, ninyi hamkujua, mimi nilijua." Nilisema kwamba Eveline hakutembea na mtu yeyote, kwamba nilishika beseni nikijua. Adrian alikuwa anatazama viatu vyake. Mwanamke mmoja alicheka, nadhani niliwahi kumfunulia sufuria. Shangazi akasema kwa Kihehe, polepole, kwamba hata yeye atakwenda kumwomba radhi mkwe. Alikwenda siku hiyo hiyo na kuku.

Niliutoa utepe, nikampelekea Mama Lusekelo kwenye benchi lake. Nikamwambia, "Wewe ulibonyeza. Chukua."

Aliushika, akautazama. "Siku ile uliyonisema nikiwa nafua nililia wiki nzima, mama," alisema. "Nilikaribia kurudi kwetu Tukuyu." Nikasubiri aseme lakini. Mtu akisema hivyo kwa kawaida huongeza lakini. Hakuongeza. Aliukunja utepe akautia mfukoni, akaenda kupima watoto.

Eveline aliondoka na mwanawe wiki iliyofuata. Hatukugombana. Alinisalimia vizuri, "Shikamoo mama, tunaenda," nikaitikia. Mpunga wao wenzake walikuwa wamemvunia. Sasa wamepanga chumba Rujewa mjini, si kambini tena, na Clement akipata nafasi hupitia huko. Huku kwangu hapitii. Ninasikia kwa watu kwamba Blessing anatembea, anafukuza ndama wa jirani, hana upole wowote.

Mimi siingii tena majikoni kwa watu. Nikipita mtaani wengine bado wananiita Mama Utepe, kwa mazoea au kwa kunisuta, sijui, nami ninaitika yote mawili. Nina kuku wangu. Mayai nilikuwa nayapanga kwenye trei kama zamani, mpaka trei inajaa, nayagawa kwa wenye watoto. Mwenyewe kula niliona si haki yangu.

Juzi nilipigiwa simu kutoka stendi kwamba nina mzigo. Nilikataa kwanza, nikasema wamekosea mtu. Nilipofika nikaukuta mwandiko ninaoujua. Kiroba kidogo, kimefungwa kamba mara mbili, perege wakavu wasio na harufu. Juu yake, kwa kalamu nene, ameandika, ZA BIBI. SIO ZA WAGENI.

Nilirudi nacho nimekikumbatia. Niliwapika wawili, na yai moja, na ugali wa dona. Nilikaa jikoni peke yangu nikala mpaka mwisho. Chumvi iliuma pembe za midomo, na kila tonge nililiona aibu, lakini nilimeza.